Nyurektomi: kukata mshipa wa fahamu ili tumbo litulie

Nyurektomi ni upasuaji wa kukata na kutoa kipande cha mshipa wa fahamu. Kwa maumivu sugu ya tumbo, mara nyingi hulengwa mshipa uliobanwa kwenye misuli ya mbele, hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ACNES.

Huku kwetu ukishika tumbo tu, jibu ni vidonda vya tumbo, na dawa unapewa. Kumbe yapo maumivu yasiyotoka ndani kabisa, yanatoka kwenye ukuta wa tumbo, yaani misuli na ngozi ya mbele. Mishipa ya fahamu ya ngozi ya tumbo huanzia mgongoni, huzunguka ubavu katikati ya misuli, kisha ikifika mbele hukata kona kali na kupenya kwenye kitundu kigumu hadi kwenye ngozi. Hapo kwenye kona ndipo hubanwa. Ultrasaundi haioni kitu, kamera ya tumbo nayo haioni kitu, na mgonjwa anaanza kuambiwa ana mawazo.

Mwangalie anavyoonyesha panapouma: si kwa kiganja, ni kwa ncha ya kidole kimoja. Daktari hubonyeza hapohapo, kisha humwambia anyanyue kichwa na mabega akiwa amelala chali. Misuli ikikaza huwa ngao ya viungo vya ndani, kwa hiyo maumivu yakizidi, shaka kubwa inahamia ukutani. Kipimo hiki kilielezwa na Carnett, mpasuaji wa Philadelphia, mwaka 1926, na hakihitaji hata umeme.

Kisu hakitangulii. Kwanza huchomwa sindano ya ganzi palepale. Maumivu yakiyeyuka ndani ya dakika chache, mshipa umejitaja wenyewe. Wengine sindano kadhaa huwatosha. Wasiopona ndio hupasuliwa.

Je, inasaidia? Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa 44, matokeo yakatoka 2013. Nusu walikatwa mshipa, nusu walipasuliwa na kushonwa mshipa ukiachwa, bila kuambiwa nani ni nani. Waliopata nafuu kubwa walikuwa 16 kati ya 22 upande wa kwanza, na 4 kati ya 22 upande wa pili.

Baadaye ngozi ya hapo huweza kubaki na ganzi, na wapo ambao maumivu hurudi. Mwenye ugonjwa wa kongosho asichanganye upasuaji huu na wa kwake: mishipa inayobeba maumivu ya kongosho ni mingine, na hukatwa kupitia kifuani.