Rehani mfu katika mapambo ya Wanavajo

Kwenye matangazo ya mapambo ya fedha na feruzi, lile jiwe la buluu, kutoka kusini-magharibi mwa Marekani kuna maneno mawili yanayopandisha bei papo hapo: rehani mfu. Maana yake si ngumu. Mnavajo, mmoja wa Wenyeji wa Marekani wa eneo hilo, alipeleka dukani bangili, mkufu au mshipi wake, akauweka rehani ili apewe pesa au bidhaa. Muda wa kukomboa ukapita bila deni kulipwa, na mwenye duka akapata haki ya kuuza. Pambo ambalo bado linamsubiri mwenyewe ni rehani hai.

Kwa nini mapambo na si kitu kingine? Inabidi kurudi 1868. Mwaka huo Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, waliruhusiwa kurudi kwao baada ya kuzuiliwa kwa miaka minne huko Bosque Redondo, New Mexico, walikoswagwa kwa miguu na jeshi la Marekani. Mkataba wa kurudi uliwaahidi kondoo na mbuzi 15,000. Maisha yakategemea mifugo, na mifugo ina misimu yake: sufu inauzwa majira ya kuchipua, wanakondoo majira ya kupukutika. Katikati hapo nyumba inataka unga, kahawa na sukari, na benki haipo karibu. Lililokuwepo ni duka la mfanyabiashara, mara nyingi Mzungu, kama lile ambalo John Lorenzo Hubbell alilishika huko Ganado, Arizona, mwaka 1878.

Uhunzi wa fedha nao ulishamiri miaka hiyo hiyo. Anayetajwa zaidi kuwa Mnavajo wa kwanza kujifunza ni Atsidi Sani, aliyeanza na chuma kwa fundi wa Kimeksiko, kisha akahamia kwenye fedha na kuwafundisha wanawe. Mali ghafi ilikuwa sarafu zenyewe. Dola za Marekani na peso za Meksiko ziliyeyushwa, zikapondwa kwa nyundo au kumiminwa kwenye kalibu iliyochongwa katika jiwe laini la volkeno. Feruzi ilianza kupachikwa kwenye fedha karibu na mwaka 1880. Kwa Diné hilo ni jiwe la upande wa kusini, upande wa Mlima Taylor, mmoja wa milima minne mitakatifu inayozunguka nchi yao.

Basi familia iliyouza sufu vizuri ilivaa akiba yake shingoni, mkononi na kiunoni. Mama wa Pwani mwenye bangili zake za dhahabu hahitaji kuelezwa zaidi. Mambo yakibana, pambo lilikwenda dukani, likafungwa kikaratasi kwa uzi chenye jina, kiasi cha deni na tarehe, kisha likatundikwa kwenye chumba cha kufuli. Wafanyabiashara wengi walikaa nalo hata baada ya muda kupita, maana ukiuza mali ya mteja umempoteza yeye na ukoo wake wote. Kukiwa na shughuli ya tiba ya kimila, mwenyewe aliweza kuliazima pambo lake, akalivaa siku zote za shughuli, halafu likarudi kwenye msumari wake.

Si wote waliokuwa waungwana. Mwaka 1973 tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia haki katika biashara ilitoa ripoti iliyoyakosoa vikali maduka hayo, ikiwemo namna yalivyoshughulikia mikopo na rehani. Kanuni zikakazwa, wafanyabiashara wengi ndani ya nchi ya Wanavajo wakaachana na rehani, na kazi hiyo ikahamia miji iliyo mpakani mwa nchi hiyo, kama Gallup, New Mexico, inakoendelea mpaka leo.

Sasa, umaarufu wa neno lenyewe umetoka wapi? Umetoka kwa watalii. Tangu 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha hoteli na migahawa kando ya reli, iliagiza mapambo mepesi ya kuuzia wasafiri. Wakusanyaji wakaanza kutofautisha: hili la mtalii, hili alilivaa Mnavajo mwenyewe. Rehani mfu ikawa kama cheti cha hilo la pili.

Kwa maoni yangu ni cheti dhaifu. Neno hilo linakuambia kwamba kuna deni lililoshindikana, basi. Halisemi pambo lina umri gani, kwa kuwa bangili iliyotengenezwa juzi inaweza kuwekwa rehani leo na ikafa baada ya miezi michache. Kikaratasi cha zamani nacho ni rahisi kukihamishia kwenye pambo jingine.

Afadhali kuliangalia pambo lenyewe. Bangili iliyovaliwa miaka mingi huwa imelainika kingo, na alama zilizogongwa kwa chapa za mkono zimefifia pale inapogusana na nguo. Feruzi hunyonya mafuta ya ngozi na huelekea ukijani kadiri inavyovaliwa. Kukosekana kwa alama ya fundi kusikutishe, kwani mapambo mengi ya zamani hayana.

Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wenyeji wa Marekani ilhali si kweli. Mwaka 2018 mfanyabiashara mmoja wa Albuquerque alifungwa miezi 6 kwa kuuza kwa madai hayo mapambo yaliyotoka Ufilipino.

Na ukibahatika kupata la kweli, usiliroweke majini ili ling'ae. Mafundi wengi wa zamani waliweka unga wa mbao chini ya jiwe ili likae sawa kwenye kizimba chake. Unga huo ukilowa huvimba na kulisukuma jiwe litoke. Kitambaa kikavu kinatosha.