Kemia ya mtaani Kigoma: tunayoambiana na yalivyo kweli

Kuna maneno ya kemia yanazunguka huku kwetu kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga na mengine yanasemwa na watu waliomaliza fomu foo kabisa. Hili la "mimi situmii vitu vyenye kemikali" silikalii kimya, maana maji ya Ziwa Tanganyika ni H2O, nayo ni kemikali, na chumvi ni kemikali, uliza kemikali gani na kiasi gani basi.

Sabuni ya mawese ndo ina uvumi mwingi. Wanasema inaunguza mikono kwa sababu imejaa kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni. Ukweli ni kwamba kostiki (NaOH) ikikutana na mawese vinamenyuka, soda inatumika inaisha na vinatoka vitu vipya viwili, sabuni na gliserini, yaani molekuli moja ya mafuta inachukua NaOH tatu inatoa sabuni tatu na gliserini moja. Kilo ya mawese inataka kostiki kavu kama gramu 140 hivi, sasa mama anayepima kwa kopo na macho akizidisha, ile ya ziada inakosa mafuta ya kumenyuka nayo inabaki humohumo kwenye mche, hiyo ndo inayokuunguza. Lawama ni ya kipimo jamani, mawese muyaache. Na ile ndoo kupata moto bila jiko sio uchawi, kostiki ikiyeyuka inatoa joto, ndo maana tunatia soda kwenye maji, ukigeuza ukamwagia maji kwenye soda inaweza kukurukia usoni.

Chumvi ya Uvinza nayo wengi wanaamini "inatengenezwa" motoni kama sabuni. Hapana, chumvi imo tayari kwenye maji ya chemchemi, unachemsha maji yanaondoka NaCl (sodiamu na klorini zilizoungana, ndo chumvi yenyewe) inabaki, hakuna riaksheni hapo. Na yale mapovu ya maji yanayochemka sio haidrojeni na oksijeni zinaachana (hili nalisikia sana kwa madogo wa twisheni), ni mvuke, maji yaleyale. Kinachonishangaza mimi ni kwamba sodiamu peke yake ukiitupa kwenye maji inawaka, klorini peke yake ni gesi ya sumu, zikiungana unatia kwenye samaki wa migebuka unakula.

Tuje kwenye mkaa. "Ukiungua unaisha, yanabaki majivu." Hauishi popote, majivu ni yale madini yasiyoungua, kaboni yenyewe imeshika oksijeni ya hewani ikaondoka kama gesi: C + O2 → CO2. Gramu 12 za kaboni zinabeba gramu 32 za oksijeni zinatoka gramu 44 za hewa ukaa, kwa hiyo uzito umeongezeka ila huuoni. Halafu kuna hii mbaya, "mkaa ukishakolea hauna moshi, ingiza tu jiko chumbani mvua ikinyesha". Kukosa moshi sio kukosa sumu, hewa ikiwa haitoshi inakuwa 2C + O2 → 2CO, na hiyo kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na mtu anapitiwa na usingizi haamki. Usidanganyike na kadirisha kalikofunguliwa nusu, jiko litoke nje.

Kutu pia inasingiziwa kupunguza uzito, wakati kutu yenyewe ni chuma pamoja na oksijeni na maji, nzito kuliko kile chuma cha msumari kilichogeuka kutu, sema inapukutika.

Na madogo wa fomu tuu, kubalansi ikwesheni sio kuchezea vinamba vya chini. Mtu anaandika H2 + O2 → H2O, anaona oksijeni moja imepelea, anaweka 2 ndogo inakuwa H2O2, kweli imelingana, ila hiyo ni haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda! Namba kubwa ya mbele ndo inaguswa, 2H2 + O2 → 2H2O, mwalimu akikuta ile nyingine anakata maksi na ana haki.