Nagele: kijiji kilichojengwa palipokuwa bahari

Watu wakisikia kwamba Waholanzi waliikausha bahari, huwaza tuta na pampu. Mimi ni mtu wa udongo, na kwangu kazi yenyewe huanza pampu zikishamaliza yake. Kinachobaki pale ni tope, na kwenye tope huwezi kulima wala kujenga nyumba.

Chukua Nagele, kijiji cha wakulima kilichojengwa miaka ya 1950 katika Noordoostpolder, mojawapo ya polda za Uholanzi, yaani ardhi iliyozungushiwa tuta na kukaushwa kwa pampu. Zamani pale palikuwa na ghuba ya maji ya chumvi, Zuiderzee. Baada ya mafuriko ya 1916, mpango wa mhandisi Cornelis Lely ulikubaliwa, na mwaka 1932 mdomo wa ghuba ukazibwa kwa tuta la Afsluitdijk, kilomita 32. Mto IJssel uliendelea kuingiza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na ghuba ikageuka ziwa. Jambo hili hutajwa kwa haraka mno, ilhali liliwarahisishia sana wakulima: Noordoostpolder, takriban hekta 48,000, ilipokauka mwaka 1942, sakafu yake ilikuwa imeoshwa na maji baridi kwa miaka kumi.

Sasa tope lenyewe. Udongo wa mfinyanzi uliotulia chini ya maji kwa karne nyingi ni wa kijivu chenye ubuluu, na hauna hewa. Ukilibana donge lake kiganjani, linachuruzika katikati ya vidole. Hicho ndicho kipimo chetu shambani mpaka leo: likichuruzika lenyewe, udongo bado mbichi, ukilikamua kwa nguvu na likagoma kutoka, umeiva.

Kuuivisha kunataka subira. Kwanza huchimbwa mitaro ya kina kifupi ili maji yatiririke. Jua, upepo na mizizi ya mimea huvuta maji yanayobaki, na udongo husinyaa na kupasuka nyufa. Nyufa hizo ni mali! Kupitia humo hewa hushuka chini, na mvua hupata njia ya kutokea. Uzuri ni kwamba mfinyanzi ukishakauka hivyo haurudi tena kuwa uji, hata inyeshe vipi. Ndipo mabomba ya udongo wa kuchoma hufukiwa badala ya mitaro. Serikali ililima yenyewe miaka ya mwanzo, kisha ikawakodisha wakulima iliowachuja kwa ukali. Kipande cha kawaida kilikuwa mita 300 kwa 800, yaani hekta 24, mbele barabara, nyuma mfereji.

Vijiji vilipangwa kwa hesabu ya baiskeli. Mji wa Emmeloord uliwekwa katikati, vijiji kumi vikauzunguka, ili kibarua aweze kufika shambani kwa kupiga pedeli na kurudi jioni. Nagele ndicho nikipendacho zaidi. Kilichorwa na wasanifu mashuhuri, wakiwemo Gerrit Rietveld na Aldo van Eyck: mapaa bapa, nyumba zimepangwa kuzunguka uwanja mpana wa majani, na uwanjani shule na makanisa. Mien Ruys, mbunifu wa bustani, alishiriki kupanga miti. Kijiji kizima kimezungushiwa ukanda wa miti, kwa sababu kwenye tambarare ile upepo haukuwa na kitu cha kuuzuia. Lakini magari na matrekta yaliivuruga hesabu ya baiskeli. Kwenye polda iliyofuata, iliyokauka 1957, vilijengwa vijiji viwili tu, Biddinghuizen na Swifterbant, pamoja na mji wa Dronten.

Kuna kosa moja ambalo kila anayefikiria kukausha pwani anapaswa kulijua. Noordoostpolder iliunganishwa moja kwa moja na nchi kavu ya zamani. Kwa kuwa polda iko chini zaidi, maji ya ardhini ya majirani yalianza kunywea kuelekea kwake, na mashamba ya upande wa pili yakakauka. Ndiyo maana polda zilizofuata zilitenganishwa na nchi kavu kwa maziwa membamba, kama Veluwemeer.

Na ardhi bado inadidimia. Udongo unaokauka hupungua ujazo, na mboji hulika ikipata hewa. Schokland, kisiwa cha zamani ambacho sasa kimo ndani ya polda na kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995, kimeumizwa na hali hiyo. Ilibidi maji ya ardhini yapandishwe tena kandokando yake, na mashamba ya hapo yakaachwa yawe na unyevu, kwa makusudi.