Kima cha chini hakina jinsia? Lisome jedwali kwanza

"Kima cha chini cha mshahara ni kilekile kwa mwanamke na mwanaume, kwa hiyo hakihusiani na pengo la malipo kati yao." Sentensi hii huisikia sana, na nusu yake ni kweli. Jedwali la amri ya mshahara Tanzania, yaani tangazo la serikali linalopanga vima vya chini, halina mstari wa wanawake na mwingine wa wanaume. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Lakini jedwali limegawanywa kwa sekta, na humo ndimo pengo lilimojificha. Chukua amri iliyotumika kuanzia 1 Januari 2023 hadi mwisho wa 2025. Mfanyakazi wa kampuni yenye leseni ya uchimbaji madini: shilingi 500,000 kwa mwezi. Wa kilimo: 140,000. Dada wa kazi anayelala kwa mwajiri: 60,000. Mgodini wanaume ndio wengi. Jikoni kwa watu unajua utamkuta nani. Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 75.6 duniani wanafanya kazi za nyumbani, na asilimia 76 kati yao ni wanawake. Kwa hiyo serikali haikuhitaji kuandika "mwanamke alipwe kidogo". Ilitosha kuipa kazi yake kima kilichopitwa mara nane na cha mgodini.

Tena ndani ya kazi hiyohiyo ya nyumbani, anayefanya kazi kwa mwanadiplomasia alipangiwa 250,000. Sufuria ni zilezile, nepi ni zilezile. Kilichopimwa hapo ni mfuko wa bosi, si kazi.

Kenya wamelipanga jambo hili kwa namna nyingine. Jedwali lao linamweka yaya na mfanyakazi wa nyumbani mstari mmoja na mtunza bustani, mfagiaji na mlinzi wa mchana: shilingi za Kenya 16,113.75 kwa Nairobi, kwa agizo la Novemba 2024. Wangapi wanalipwa hivyo ni hadithi nyingine, lakini angalau karatasi haikuanza kwa kumshusha.

"Dada anakula bure, analala bure, 60,000 ni pesa ya mfukoni." Bure iko wapi? Amri hiyohiyo ilimpangia 120,000 dada asiyelala kwa mwajiri. Maana yake chakula na kitanda vimeshakatwa kabla hujampa noti ya kwanza. Halafu anayelala kwako ndiye anayeamka alfajiri kuandaa watoto wa shule, na ndiye anayefungua geti saa tano usiku baba akirudi. Sheria inasema saa 45 kwa wiki. Kwa saa hizo, 60,000 ni kama shilingi 308 kwa saa. Kwa saa 14 kwa siku, siku 26, inabaki 165. Haifiki hata nauli ya daladala.

"Ukipandisha kima, madada watarudishwa vijijini." Hofu hii si ya kupuuzwa, maana mwajiri wa dada mara nyingi naye ni mwanamke mwenye mshahara mdogo. Ila jambo hili limeshajaribiwa Afrika Kusini, walikoweka kima cha chini kwa wafanyakazi wa nyumbani Novemba 2002. Wachumi Taryn Dinkelman na Vimal Ranchhod walifuatilia kilichotokea: ndani ya miezi 16 mishahara ilipanda kwa takriban asilimia 20, na ajira haikupungua kwa kiwango cha maana. La kushangaza zaidi, mishahara ilipanda ingawa ukaguzi wa serikali ulikuwa hafifu. Mwaka 2022 wakaenda mbele, wakakilinganisha kima cha nyumbani na kile cha taifa. Hii haimaanishi kwamba kiwango chochote utakachotaja hakitaleta shida. Lakini "watafukuzwa wote" haikutokea.

"Basi kima kikipanda, pengo limekwisha." Hapana. Kima cha chini kinanyanyua walio chini kabisa, ambao wengi ni wanawake, kwa hiyo pengo hupungua huko chini. Mhasibu anayelipwa pungufu kuliko mwenzake wa kiume wa dawati la pili hakimgusi. Mama lishe hana mwajiri, naye hakimgusi. Na usidanganywe na wastani: kuanzia Januari 2026 ilitangazwa kuwa kima cha sekta binafsi kimetoka 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, si pesa anayopokea dada wa mtaani kwenu.

"Hana mkataba wa maandishi, hana pa kwenda." Hii ndiyo inayowanyamazisha wengi, na ndiyo rahisi kuliko zote kuijibu. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Asipoyatoa na mgogoro ukafika mbele ya sheria, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti waliyokubaliana, si dada. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: ndani ya siku 30 kama ameachishwa kazi, siku 60 kama ni madai mengine, ukiwemo mshahara uliopunjwa.