Mafunzo elekezi ya usalama saiti: ni nini, na nani ayalipie

Mafunzo elekezi ya usalama, au indaksheni kama yanavyoitwa kwenye saiti nyingi za Dar es Salaam, ni maelezo anayopewa kila mtu anayeingia eneo la ujenzi kabla hajaanza kazi. Anaonyeshwa mashimo yalipo, nyaya za umeme zinakopita, upande ambao kreni inazungushia mzigo, jukwaa lililokaguliwa na lile lisilopandwa, mahali pa kukusanyika moto ukizuka, na mwenye sanduku la huduma ya kwanza. Fundi nondo mzoefu anayahitaji sawasawa na kibarua aliyeanza leo, maana yanahusu saiti hii, si ujuzi wake. Jengo likipanda ghorofa nyingine, hatari zinahama, na mafunzo hayana budi kurudiwa.

Gharama yake hasa ni muda. Mkufunzi na karatasi ni kitu kidogo. Vibarua 30 wakisikiliza kwa saa moja, zimekwenda saa 30 za kazi, karibu siku nne za mtu mmoja, na zege halijamwagwa. Ugomvi unaanzia hapo. Kibarua aliyetoka Mbagala alfajiri anaambiwa siku yake itahesabiwa baada ya mafunzo, au anakatwa hela ya kofia ngumu na rifleksa, yaani kizibao kinachoakisi mwanga. Kwangu mimi huo ni uonevu, kwa sababu mzigo umetupiwa mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote na asiye na sauti ya kukataa.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema waziwazi kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Hapa nchini, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inaweka wajibu wa usalama kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inabana makato ya ujira: mwajiri hakati anavyotaka, na ridhaa ya mfanyakazi hutakiwa iwe ya maandishi. Saini ya haraka getini, kwa mtu anayeogopa kurudishwa nyumbani, mimi siihesabu kuwa ridhaa. Hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaomlipa aliyeumia, huchangiwa na mwajiri peke yake. Ikiwa mfanyakazi hachangii fidia ya kuumia, itakuwaje achangie kujifunza asiumie?

Ila neno "mwajiri" kwenye saiti halieleweki kirahisi. Mkandarasi mkuu ana wakandarasi wadogo, wa umeme, wa mabomba, wa vigae, na kila mmoja ana mafundi wake wenye saidia fundi wao. Anayeitawala saiti nzima ni mkandarasi mkuu, basi yeye ndiye agharimie mafunzo yenyewe. Mkandarasi mdogo awalipe watu wake ujira wa saa hizo, lakini aambiwe kabla hajatoa bei, si siku ya kuingia. Na chanzo cha fedha ni mwenye mradi: mkadiriaji majenzi, anayepiga hesabu ya gharama za ujenzi, aweke usalama kama kifungu chake kwenye jedwali la gharama, ili wazabuni wasishindane kwa kuufyeka. Usipotajwa, anayeshinda zabuni ni aliyeuacha.

Nyumba za watu binafsi, kule Goba au Kigamboni, mara nyingi hazina mkandarasi. Mwenye nyumba ameelewana na fundi, fundi ameita vibarua. Hapo mwenye nyumba akae na fundi siku ya kupatana bei, waandike, pamoja na mbao za jukwaa, nusu saa ya maelezo kila kazi inapobadilika, kuanzia msingi, lenta hadi paa, na nusu saa hiyo ilipwe ndani ya siku ya kibarua.