Sindano ya seleni si dawa ya minyoo

Imekuja tena. Picha ya mbuzi jike aliyevimba chini ya taya, kope kwa ndani zimekwisha rangi, na pembeni karatasi ya maabara: seleni ya damu, yale madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana, iko chini. Ushauri wa wenzake mwenye mbuzi kwenye kundi la wafugaji ukamiminika: "Jibu umeshapata, huyo anakosa seleni, ndiyo maana minyoo haimwishi. Mchome seleni na vitamini E." Mwingine akaongeza kwamba dawa za minyoo siku hizi zote ni maji matupu, afadhali madini. Suala hili nimeshalijibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, kwa upole na kwa ukali. Leo naliandika, ili siku nyingine nitume kiungo tu na chai yangu isipoe.

Tuanze na mbuzi mwenyewe, maana watu wanajadili karatasi yeye akiwa anakufa. Ana Haemonchus, yule mnyoo mnyonya damu wa tumbo la nne. Uvimbe wa taya ni maji yaliyovuja kwenye mishipa baada ya protini ya damu kupungua. Mnyweshe dawa leo hii, kwa uzito wake halisi na si kwa kukadiria kwa macho, ukikumbuka kwamba kwa dawa nyingi mbuzi anahitaji kipimo kikubwa kuliko kondoo wa uzito uleule. Mpe chakula chenye protini. Habari ya seleni inaweza kungoja wiki mbili. Damu haingoji.

Seleni yenyewe nitaipitia haraka. Huingia kwenye protini kadhaa za mwili, na maarufu kati yake ni glutathioni peroksidasi, kimeng'enya kinachozima peroksidi, kemikali kali zinazozaliwa mwilini, kabla hazijaharibu utando wa seli. Kwamba mnyama hawezi kuishi bila seleni kulionekana mwaka 1957, Klaus Schwarz na Calvin Foltz walipowakinga nayo panya waliokuwa wakifa kwa kuoza ini. Kwamba imo ndani ya kimeng'enya hicho kulithibitishwa mwaka 1973. Vitamini E hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, ndiyo maana chupa moja hubeba vyote viwili. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanahitaji takriban miligramu 0.1 hadi 0.3 katika kila kilo ya chakula kikavu. Ikipungua sana, ndama na wanambuzi hupauka misuli, hukakamaa, na wengine huanguka ghafla kwa moyo.

Imani hii haikuzuka hewani, nakubali. Mwaka 2005 yalichapishwa majaribio ya panya walionyimwa seleni au vitamini E kisha wakaambukizwa mnyoo wa utumbo aitwaye Heligmosomoides: walichelewa kumfukuza kuliko wenzao walioshiba. Mwaka 1984 kuku walioongezewa seleni na vitamini E walionyesha kinga bora dhidi ya Eimeria tenella, yule wa kuhara damu. Hayo ni kweli na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ule mruko kutoka panya wa maabara, aliyelishwa chakula kilichochujwa seleni makusudi, hadi mbuzi wa zizi la jirani anayekula majani ya aina kadhaa na kulamba kila ukuta. Kwa kondoo majibu ya majaribio hayaelekei upande mmoja. Ukiwarudishia seleni kondoo waliopungukiwa kweli, mara nyingi wataongezeka uzito. Lakini hesabu ya mayai kwenye kinyesi haifuati seleni kwa namna unayoweza kuitegemea. Mnyama anayestahimili minyoo vizuri zaidi si mnyama asiye na minyoo.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, nacho ni ile karatasi.

Damu nzima ina chembe nyekundu na plazma, yaani maji ya damu. Kwa wanyama wanaocheua, seleni nyingi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu, kwenye kile kimeng'enya nilichokitaja. Huingia humo chembe inapotengenezwa kwenye uboho, na hukaa humo hadi chembe ife, miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo seleni ya damu nzima ni taarifa ya malisho ya miezi iliyopita, na ya plazma ni ya siku na wiki za karibuni. Hadi hapo kila kitabu kinasema hivyo.

Haemonchus anakunywa nini? Damu, pamoja na chembe zake nyekundu.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu ninazozitunga kwa ajili ya mfano. Tuseme lita moja ya chembe za mbuzi wako ina mikrogramu 350 za seleni, na lita moja ya plazma ina 60. Akiwa mzima, chembe ni asilimia 30 ya damu yake: 105 kutoka kwenye chembe, 42 kutoka kwenye plazma, jumla 147. Sasa minyoo imemnyonya hadi chembe zimebaki asilimia 12. Kila chembe iliyobaki ina seleni yake ileile, na plazma ni ileile. Piga tena: 42 na karibu 53, jumla 95. Kipimo kimeshuka kwa zaidi ya theluthi, na majani hayajabadilika hata kidogo. Maabara inaandika "chini", mwenye mbuzi anasoma "upungufu wa madini", na mnyoo anaendelea kunywa.

Mtu mjanja ataniambia: basi tupime plazma. Haya, tupime. Mwili ukiwa kwenye vita ya uvimbe na homa, ini hupunguza kutengeneza baadhi ya protini zinazobeba seleni kwenye plazma, na kipimo hushuka bila mnyama kupungukiwa. Kwa binadamu jambo hili linajulikana sana: madaktari wa wagonjwa mahututi huliona kila siku. Ongeza kwamba mnyama mwenye minyoo hupoteza hamu ya kula, hivyo anaingiza seleni kidogo, na kwamba utumbo uliochubuliwa unavuja protini. Njia zote hizo zinakwenda upande mmoja, kutoka kwa mnyoo kuelekea kwenye seleni.

Mjanja zaidi atasema tupime kimeng'enya na kukigawa kwa gramu ya hemoglobini, ile protini inayozipa chembe wekundu wake, ili wingi wa chembe usituhadae. Huyo nampenda. Hata hivyo mbuzi anayepoteza damu hutengeneza chembe mpya kwa haraka, kwa hiyo umri wa wastani wa chembe zake hupungua. Kipimo ambacho kwa kawaida kingekusimulia habari za miezi kitakusimulia habari za wiki chache, na hutajua ni ngapi. Bado ndicho kipimo kizuri kuliko vyote vitatu. Sisemi kisitumike. Nasema asome mtu anayejua mnyama alikuwa katika hali gani.

Na nikubali upande wa pili, maana haki ni haki: damu inayoondoka inaondoka na seleni yake. Minyoo ikikaa muda mrefu, upungufu unaweza kuwa wa kweli, mwilini na si kwenye karatasi tu. Hata hapo aliyeanza ni mnyoo, na ukimchoma sindano mbuzi ukamwacha mnyoo, umejaza mtungi uliotoboka.

Kwa wanyamapori mambo ni magumu zaidi, na hapo ndipo ninapoona hata wasomi wakijikwaa. Mtu anakusanya maini ya wanyama waliokufa au kuwindwa, anapima seleni, anahesabu minyoo, anakuta wenye seleni kidogo wana minyoo mingi, na kichwa cha habari kinajiandika chenyewe. Lakini fikiria udongo. Mahali penye unyevu mwingi, udongo wenye tindikali na hewa kidogo hushikilia seleni, hasa ukiwa na chuma kingi, na majani huipata kwa shida. Mahali hapohapo penye unyevu ndipo viluwiluwi vya minyoo hukaa hai kwenye nyasi, na ndipo konokono wa minyoo ya ini hustawi. Bonde moja linakupa majani yenye seleni kidogo na minyoo mingi, bila hivyo viwili kujuana kabisa. Ongeza umri, kwa kuwa mnyama mchanga ana kinga changa, na ongeza mimba na ukame. Uwiano mzuri wa tarakimu unaweza kuwa ni habari ya mvua tu.

Kuna kazi moja ya wanyamapori ninayoiheshimu kwa sababu haikuishia kwenye uwiano. Werner Flueck, kaskazini mwa California, aliwapa kulungu jike wa mwituni vidonge vizito vya seleni vinavyokaa tumboni, na mwaka 1994 akachapisha kwamba watoto waliosalia hai kwa kila jike waliongezeka zaidi ya mara mbili. Huo ni ushahidi kwamba seleni inaweza kubana idadi ya wanyama porini. Ila mtu asinitumie kazi hiyo kama ushahidi wa minyoo. Alichokionyesha ni watoto kuishi.

Kwetu hadithi ya seleni na wanyamapori ilianza na misuli. Mwaka 1963 hirola, aina ya swala, walikamatwa upande wa Tana wakapelekwa Tsavo Mashariki, na mwaka uliofuata timu iliyokuwa na Harthoorn, yule daktari wa bunduki za usingizi, ilieleza kuharibika kwa misuli kwa wanyama hao. Mwaka 1967 Mugera na Wandera wakaandika juu ya kuharibika kwa misuli kwa mifugo na wanyamapori wa Afrika Mashariki. Leo sehemu kubwa ya lawama huenda kwa mbio, joto na tindikali ya misuli wakati wa kukamatwa. Wengi wetu bado tunachoma seleni na vitamini E wakati wa kuhamisha wanyama. Nami nachoma. Ukiniuliza kama ninaamini inaokoa wangapi, nitakujibu kwamba ninaamini zaidi katika kumkamata mnyama alfajiri, kabla jua halijachoma, na kutomkimbiza.

Halafu kuna jambo ambalo wauza madini hawapendi kulisikia: vimelea wenyewe wanaitaka seleni. Mnyoo wa kichocho, Schistosoma mansoni, anategemea kimeng'enya chake chenye seleni ili kujilinda na sumu anazotupiwa na mwili wa mwenyeji. Mwaka 2007 watafiti walikizima kwa auranofini, dawa ya zamani ya baridi yabisi yenye dhahabu, na minyoo ikapungua kwa panya. Trypanosoma brucei, mmoja wa vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, anazo protini za seleni lakini ameonekana akiishi bila hizo. Upande wa vitamini E, panya walionyimwa vitamini hiyo walistahimili malaria ya panya vizuri zaidi, kwa sababu chembe nyekundu zisizokingwa hazimpi kimelea makazi mazuri. Kwa hiyo "ongeza kinga dhidi ya peroksidi, vimelea vitakimbia" ni sentensi isiyo na maana mpaka useme kimelea gani, ndani ya mnyama gani.

Hatari ya kuzidisha nitaisema kwa kifupi lakini isomwe mara mbili. Sindano ya kawaida ni kati ya miligramu 0.05 na 0.1 kwa kilo ya uzito. Ukikaribia 0.5 kwa kondoo umeingia eneo la kuua. Pengo hilo ni dogo kuliko la dawa nyingi mnazoziogopa. Aprili 2009 farasi 21 wa polo walikufa Florida baada ya kuchomwa mchanganyiko uliozidishwa seleni wakati wa kutengenezwa. Ukichoma leo, jirani akachoma kesho kwa sababu "ya jana ilikuwa ndogo", na jiwe la kulamba lenye seleni linaning'inia zizini, hesabu hiyo unaifanya wewe, si mimi.

Basi mimi huitoa lini? Watoto wakizaliwa wakikakamaa na misuli ikionekana imepauka kwa aliyechinjwa au kufa. Kondo la nyuma likibaki mara kwa mara kwenye kundi lenye lishe nzuri. Eneo likiwa limeshapimwa na kuonekana na upungufu, kama zilivyo sehemu za Bonde la Ufa. Finland waliona udongo wao ni maskini wa seleni, wakaamua tangu mwaka 1984 kuitia kwenye mbolea nchi nzima. Huo ni uamuzi wa nchi kuhusu udongo, na haukumhusu mnyoo. Kwa minyoo, fedha ya chupa ile naielekeza kwenye protini: mashudu, majani ya jamii ya mikunde, chochote kilichopo. Kwa kondoo jike anayenyonyesha, protini ina ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza mayai ya minyoo.

Shaka yangu kubwa ni hii: viwango tunavyoviita "vya kawaida" vingi vilipatikana kwa kondoo na ng'ombe wa nchi za baridi, na tunawapimia mbuzi wetu wadogo wa Kiafrika kana kwamba ni walewale. Nimewaona mbuzi walioandikiwa "chini" wakizaa mapacha na kurukaruka. Labda viwango vina makosa, labda mbuzi wana akiba tusiyoipima. Kwa sasa tarakimu iliyo chini kidogo kwa mbuzi mzima hainiondolei usingizi.

Ukitaka kweli kujua kama kundi lako lina upungufu, usimpime mgonjwa. Chukua damu ya wenzake wazima kama saba au kumi, wa umri unaokaribiana, waliokula sehemu moja. Andika kwenye fomu ni damu nzima au plazma, ujazo wa chembe ni asilimia ngapi, na dawa ya minyoo ilitolewa lini. Yule mwenye taya iliyovimba, siku 10 hadi 14 baada ya dawa peleka kinyesi chake kikahesabiwe mayai. Yakiwa bado mengi, dawa imeshindwa au ulikosea uzito, na hilo nipigie simu hata usiku.