Ufaransa si mfano wa kufungia frakingi

Nimeulizwa tena, safari hii kwenye foleni ya kituo cha mafuta pale Mwanga, Kigoma: "Injinia, Ufaransa si walipiga marufuku frakingi na mambo yakaenda? Marekani wanangoja nini?"

Jamani. Frakingi ni kupasua miamba chini ya ardhi kwa maji na mchanga wenye shinikizo ili itoe mafuta au gesi. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2011, wakati haikuwa ikizalisha kibiashara gesi ya namna hiyo. Umeme wake mwingi ni wa nyuklia, na gesi yake karibu yote ilikuwa ya kununua nje. Kujinyima usichokuwa nacho hakuna hasara ya kuhesabu. Tena leo meli zinaishushia gesi ya kimiminika kutoka Marekani, na nyingi ya hiyo inatoka kwenye visima vilivyopasuliwa kwa maji na mchanga. Jimbo la New York ni hivyohivyo: lilikataa 2014, lakini bomba linaloliletea gesi ya frakingi kutoka jimbo jirani la Pennsylvania halikukatwa.

Marekani ni habari nyingine. Mwaka 2008 ilikuwa ikitoa mapipa kama milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku. 2023 ikakaribia milioni 13. Ongezeko hilo karibu lote ni la frakingi. Na visima hivi huchoka upesi: kisima hupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji wake ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo huhitaji kufunga hata kimoja. Zuia vipya tu, uzalishaji unaporomoka wenyewe. Hapo ndipo wabishi wangu wanaponichosha, maana wanadhani marufuku ni kuzima swichi na kuiwasha ukijisikia.

Wengine husema: "Sisi tuna gesi ya Mtwara, haituhusu." Gesi yetu ya kusini, ya Songo Songo na Mnazi Bay, inatoka kwenye visima vya kawaida, na nyingi inazalisha umeme. Haiendeshi boti ya dagaa hapa ziwani. Boti inakunywa petroli iliyoshuka bandarini Dar, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000, na bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati Tanzania, inaanzia soko la dunia kabla ya kodi na nauli. Texas, jimbo la mafuta la Marekani, wakipunguza, tutalipa Kigoma.

Tutalipa kiasi gani? Nchi iliyokuwa ikizalisha kwa wingi kwa njia hii kisha ikaacha haijatokea, kwa hiyo takwimu zote mnazotumiana WhatsApp ni makadirio ya kompyuta. Baadhi zinachukulia kwamba Saudi Arabia na wenzake watajaza pengo. Watajaza kwa bei wanayoitaka wao, na hilo hakuna fomula inayolikamata.

Wapingaji wana hoja, sikatai. Tetemeko la Pawnee, Oklahoma, mwaka 2016 lilifika ukubwa wa 5.8. Lakini lilihusishwa na maji taka ya visimani yanayorudishwa chini ya ardhi, si upasuaji wenyewe. Ningekuwa mtunga sheria, ningeanza na hayo maji, kisha methani inayovuja, gesi inayoongeza joto la dunia. Anayeanza na marufuku anieleze kwanza pengo litajazwa na nini: upepo, au makaa ya mawe?